Wakazi wa Dole Gumba

Ipo nchi moja, si ya mbali sana wala si hii yetu, jamani, tusije tukaitiana polisi bure. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina televisheni moja, na ina vibali. Vibali ndivyo hasa. Katika nchi hiyo mtu hatoi godoro chumbani kwenda kulianika uani bila kibali cha godoro. Kuku wana vitambulisho, na jogoo ana kibali cha kelele kinachoanza saa kumi na moja alfajiri na kwisha saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Akipitiliza, mwenye jogoo huitwa kujieleza.

Kibali hakisainiwi. Hapo ndipo nchi hiyo inapoachana na nyingine. Kila kibali, kila sheria na kila hukumu hupigwa dole gumba la mkono wa kulia la Mtukufu Mkuu wa Nchi. Katiba yao ni fupi, ina ibara mbili tu. Ya kwanza: Penye dole la Mtukufu pana sheria. Ya pili: Dole likishapigwa halipanguswi. Ibara nyingine zilikuwapo zamani, zikaliwa na mchwa, na mchwa hao walipochunguzwa wakaonekana wana kibali.

Basi katika Hospitali Kuu ya huko alikuwapo mpimaji wa maabara aitwaye Bi Nyamizi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa na hadubini ya mwisho iliyobaki ikifanya kazi. Zile nyingine zote waligawiwa waheshimiwa wapambie meza zao, maana hadubini ikikaa karibu na simu humpa mtu sura ya kufikiri. Nyumbani aliishi na mama yake, Bi Kalunde, mwenye umri wa miaka sabini na tisa na ulimi wa miaka ishirini. Hakuwa na mwingine. Mumewe alikwenda kuomba kibali cha safari miaka kumi na mmoja iliyopita na hadi leo yuko kwenye foleni. Kila sikukuu huleta barua kusema amesogea.

*

Siku moja Mtukufu alikuja hospitalini kuzindua bomba la maji la maabara. Utepe ukakatwa, bendi ikapiga, bomba likakohoa, likatoa matone matatu, likanyamaza. Makofi. Kwa kuwa ratiba ilikuwa imetenga saa nzima ya kutazama maji, Mtukufu akabaki na muda mkononi.

"Na wewe mama," akamuuliza Bi Nyamizi, "humu unafanya nini?"

Bi Nyamizi, kwa furaha ya kuulizwa kitu baada ya miaka ishirini na miwili kazini, akaleta kisahani cha kioo chenye rojo gumu la manjano, lile la kuoteshea vijidudu.

"Gusa hapa kwa kidole, Mtukufu. Keshokutwa nitakuonyesha kilichoota."

Mtukufu alikitazama. Kitu bapa, laini, kitupu, kimeletwa mbele yake kwa mikono miwili. Tangu ashike madaraka hakuwahi kuletewa kitu cha namna hiyo isipokuwa kwa jambo moja. Akanyoosha dole gumba la kulia, akalikandamiza katikati, akazungusha kidogo kama ilivyo desturi yake. Kamera zikamulika. Makofi tena.

Keshokutwa Bi Nyamizi akaitwa Ikulu na kisahani chake. Mambo yalikuwa yameota vizuri ajabu: vidoa vidogo vyeupe, maelfu kwa maelfu, vimejipanga kufuata mistari ya dole, hata lile kovu la utotoni la Mtukufu lilionekana pale kati.

"Nini hivi?" akauliza Mtukufu.

"Bakteria, Mtukufu. Wanaishi kwenye ngozi yako."

"Wanaishi," Mtukufu akarudia taratibu. "Kwangu."

"Kwa kila mtu, Mtukufu. Hata kwangu mimi. Hawana neno. Wanakula jasho na mafuta, wamebanana pale juu, na kwa kubanana kwao wale wabaya wakija wanakosa pa kukaa. Maadamu ngozi ni nzima nao wako nje, mtu huzeeka nao bila hata kujuana."

"Wako wangapi?"

"Mwili mzima? Mabilioni kwa mabilioni."

Hapo akainuka Mheshimiwa Mgalula, Waziri wa Wageni na Wenyeji, mtu mwenye shingo fupi na hotuba ndefu. Akainama juu ya kisahani, akanusa.

"Wana vibali?" akauliza.

Bi Nyamizi akacheka. Alidhani ni utani. Akacheka peke yake, na kicheko cha mtu mmoja katika ukumbi ule kilisikika kama sahani ya udongo iliyoanguka msibani. Akakimeza kilichobaki, akachukua kisahani chake, akarudi kazini akakitia kwenye friji, nyuma ya chupa za damu. Kukitupa hangeweza. Kutupa kitu chenye dole la Mtukufu ni kifungo cha miaka saba.

*

Sheria ya Wakazi Wasioonekana ilipigwa dole wiki ileile. Kwanza, kwa upole, Serikali iliwaita wajiandikishe. Fomu ilitaka jina la bakteria, jina la baba, kazi anayofanya, na kama amewahi kukaa kwenye mwili wa mpinzani. Makarani waliketi siku tatu nyuma ya migongo ya wananchi, kalamu mkononi, wakisubiri. Hakujitokeza hata mmoja.

Mheshimiwa Mgalula akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Tumewaita, wamenyamaza! Tumewapa fomu, hawakujaza! Nami nawauliza, mtu asiyejaza fomu anaficha nini? Wanakula jasho letu, ndugu zangu, jasho hili hili la kujenga taifa! Tumewavumilia tangu kuzaliwa kwetu, sasa basi! Kuanzia Jumatatu tutawang'oa kisigino kwa kisigino, kwapa kwa kwapa!"

Ikazaliwa Operesheni Sugua. Serikali ilikuwa na ghala zima la brashi za waya zilizoagizwa zamani kwa ajili ya kukwangua kutu kwenye mabehewa ya treni. Mabehewa hayakufika, brashi zilifika. Kila raia akapewa yake. Kila asubuhi, kabla ya wimbo wa taifa, watu walisimama barazani na kujisugua, na kila mtaa ukawekewa Afisa Sugua wa kukagua. Ngozi iliyochubuka ilihesabiwa ya kizalendo. Ngozi nzima ilikuwa ushahidi wa kuwahifadhi wahalifu.

Mtukufu mwenyewe aliongoza kwa mfano. Alitokea kwenye televisheni akisugua dole lake la gumba, kwa kuwa ndipo wahalifu walipokutwa mara ya kwanza, akalisugua dakika kumi bila kukunja uso, na taifa zima likalia kwa fahari.

Afisa Sugua wa mtaa wa kina Bi Nyamizi aliitwa Bwana Chambuso, kijana mtiifu, mwenye rula ya kupimia mchubuko.

"Bibi, toa mguu," alimwambia Bi Kalunde.

"Nimeoga asubuhi, mjukuu wangu. Kwa sabuni."

"Sabuni inawabembeleza, bibi. Serikali inataka watoke."

"Wakishatoka wanakwenda wapi?"

Bwana Chambuso akafungua daftari, akapekua kurasa mbili tatu. Swali hilo halikuwamo.

"Hilo liko ngazi ya wizara," akasema, na kushika brashi.

"Afande," Bi Nyamizi akaingilia, "ngozi ya mzee nyepesi, itachanika. Nakuomba. Nisugue mimi mara mbili."

"Aa, dada mpimaji! Si ndiye wewe uliyewagundua? Leo umekuwa wakili wao?"

"Mwache asugue," akasema Bi Kalunde. "Ila wewe kijana ujue, muundi wa mguu huo ulikuwa unabeba kuni kabla mama yako hajaposwa."

Akasugua. Muundi ukachanika, damu ikatiririka hadi kwenye kandambili. Bwana Chambuso akapima kwa rula, akatabasamu, akamwandikia bibi cheti cha Mchubuko Daraja la Kwanza. Majirani wakaja kumpongeza.

*

Haikupita wiki mbili, majipu yakaanza. Yalitoka kwapani, shingoni, mapajani, na mahali ambapo mtu hawezi kumwonyesha afisa bila kibali. Wabunge walipatwa makalioni, hivyo vikao vikafanywa wima, vikawa vifupi mno, na hiyo ndiyo faida pekee ya Operesheni inayokumbukwa hadi leo.

Bi Nyamizi alipima usaha wa watu mia nne. Kila kisahani kiliota vidoa vilevile vyeupe. Akaandika ripoti ya nusu ukurasa, akaitwa wizarani.

"Unasema ni walewale?" Mheshimiwa Mgalula aliuliza. Naye pia alikuwa wima, kukaa hakuweza.

"Walewale, Mheshimiwa. Walipokuwa juu ya ngozi walikuwa majirani. Tumeichana ngozi, wameingia nyamani, na mwili ukiwakuta nyamani lazima vita viwake. Usaha ndio uwanja wa vita hivyo. Wao hawakubadilika. Mlango tumewafungulia sisi."

"Unaona sasa!" Waziri akapiga meza. "Waasi tangu mwanzo! Walikuwa wanangoja mlango tu!"

"Mheshimiwa, mlango huo ulikuwa umefungwa tangu enzi za Adamu."

"Karani, andika: tangu enzi za Adamu walikuwa wanapanga njama."

Kusugua kukafanywa asubuhi na jioni. Isitoshe, dawa zote za kuua bakteria zilizokuwa hospitalini zikamiminwa kwenye tangi kubwa la maji la mji, ili kila raia apate tone. Wapole walikufa kwanza, kama ilivyo kawaida ya nchi hiyo. Hata wale wa tumboni wanaomsaidia mtu kusaga ugali wake walikufa, na taifa likahara siku nne. Waliobaki ni wakaidi, waliokunywa vitone vile wakavizoea kama chai ya saa nne, na sasa walikuwa na nafasi ya kutosha.

Wakaidi hao ndio waliokuwa kwenye muundi wa Bi Kalunde.

Mguu ulivimba, ukang'aa, ukawa wa moto. Homa ikaja na kutetemeka. Bi Nyamizi alichukua usaha wa mama yake, akaujaribu kwa sampuli za dawa saba alizokuwa nazo maabara. Sita hazikufua dafu. Ya saba iliwaua wote. Dawa hiyo ilikuwa ya sindano, na katika nchi nzima ilibaki katoni moja, Ikulu, imeandikwa: Kwa Matumizi ya Mtukufu.

"Niambie kweli, Nyamizi," alisema Bi Kalunde, meno yakigongana. "Ni mguu au ni mimi?"

"Leo bado ni mguu, mama. Wakishaingia kwenye damu ni wewe. Siku mbili, tatu."

"Si ukaombe hiyo dawa?"

"Inataka kibali."

"Na kibali?"

"Kinataka dole."

"Sasa si liko? Mwenyewe hatembei nalo?"

Mji mzima ulikwisha kusikia minong'ono kuhusu dole hilo. Kwa siku sita hakuna kibali kilichotoka. Majogoo vibali vyao vilikwisha muda, wakakaa kimya. Maharusi walikuwa wamekaa ukumbini siku ya nne wakingoja cheti, na pilau ilishapikwa upya mara tatu. Saa nane mchana gari jeusi likasimama mlangoni, na mtu aliyevaa suti akasema Bi Nyamizi anahitajika Ikulu, aje na vifaa vyake. Akachukua mkoba, akapitia maabara, akafungua friji.

*

Mtukufu alikuwa amelala chali. Dole lake lilikuwa juu ya mto wa mahameli, limevimba kama bilinganya, na askari wawili walikuwa wamelipigia saluti. Kandokando walisimama mawaziri wote, kwa kuwa kukaa hawakuweza. Mwanasheria Mkuu, mzee aliyesinzia kazini tangu serikali iliyopita, alikuwa amesinzia wima.

"Mama," akasema Mtukufu kwa sauti ndogo, ile watu wasiyoisikia redioni, "linauma."

"Jipu, Mtukufu. Lipasuliwe, upigwe sindano za ile katoni, na brashi ziachwe. Watu wote waache."

"Madaktari wamekataa kupasua," akasema Mheshimiwa Mgalula. "Kutia kisu kwenye dole ni kutia kisu kwenye Katiba. Na kuacha kusugua haiwezekani! Tukiacha, tumewaruhusu wakazi wasio na vibali. Kuwapa vibali kunataka dole. Dole haliwezi kupiga kitu mpaka lipone. Haliponi mpaka tuache kusugua. Kwa hiyo, waheshimiwa, tunaendelea kusugua."

Mawaziri wakaitikia kwa vichwa. Hoja ilikuwa haina tundu hata la sindano.

Bi Nyamizi aliufikiria muundi wa mama yake. Alikikumbuka pia kile kicheko chake cha siku ile, akajua kwamba safari hii asicheke. Akafungua mkoba, akatoa kisahani, akakiweka kwa mikono miwili mbele ya Mwanasheria Mkuu.

"Mzee wangu, samahani kwa kukuamsha. Hii ni nini?"

Mzee akafumbua macho. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akatazama mistari, akatazama kovu. Akatazama bilinganya lililo juu ya mto, akarudi kwenye kisahani.

"Dole la Mtukufu," akasema.

"Halina wino!" akadakia Mgalula.

"Katiba inasema dole. Haisemi wino."

"Halina maandishi!"

"Haisemi maandishi." Mzee sasa alikuwa macho kabisa, kwa mara ya kwanza tangu apewe gari. "Lilipigwa hadharani?"

"Mbele ya kamera," akajibu Bi Nyamizi. "Na lilipigiwa makofi."

"Na limepigwa juu ya nini?"

"Si juu ya kitu, mzee. Ni wao wenyewe. Wamesimama kwenye mistari ya dole, kila mmoja mahali pake."

Mwanasheria Mkuu akavua miwani. "Basi wakazi hawa wana kibali, tena hakuna raia mwenye kibali kama chao. Cha raia kina dole juu ya karatasi. Hawa ni dole lenyewe. Nalo halipanguswi."

Mtukufu akageuza shingo taratibu.

"Mgalula. Miezi miwili umekuwa ukiwasumbua wakazi wangu halali?"

Mawaziri waliokuwa karibu na Mheshimiwa Mgalula wakasogea hatua mbili, kila mmoja upande wake, kama maji yanavyoliacha tope.

"Ila Mtukufu," Bi Nyamizi akaendelea upesi, "kibali ni cha juu ya ngozi tu. Tazama kisahani, wamekaa juu, hakuna aliyezama. Walioko ndani ya dole wamevuka mpaka wa kibali chao. Nami sipasui dole. Napasua jipu, na jipu halina kibali."

Mtukufu akamtazama Mwanasheria Mkuu. Mzee akakubali kwa kichwa.

"Sindano kumi zitakutosha," akasema Bi Nyamizi. "Katoni ina mia mbili. Wale waliovuka mpaka wako pia kwenye mwili wa watu wengine, Mtukufu, na wakiachwa huko watajiona wameshinda."

"Watolewe kila walipo!" akanguruma Mtukufu, kisha akasema "Ai!" maana kisu kilishaingia.

Saa kumi jioni Bi Nyamizi alimchoma mama yake sindano ya kwanza.

"Umepataje kibali?" akauliza Bi Kalunde.

"Walikuwa nacho wao, mama. Nimeazima."

*

Bi Kalunde alipona. Muundi ukabaki na shimo la kuingia punje ya hindi. Asubuhi moja Bwana Chambuso alikuja na karatasi. Sasa alikuwa Afisa Uhusiano wa Wakazi wa Ngozi. Akapiga magoti mbele ya mguu, akausomea barua ya Serikali ya kuomba radhi.

"Mimi huniombi?" akauliza Bi Kalunde.

Bwana Chambuso akapekua daftari. "Wewe hujatajwa, bibi."

Mheshimiwa Mgalula alifungwa kwa kosa la kubughudhi wenye vibali. Brashi zikarudishwa ghalani kungoja mabehewa. Mambo yangeishia hapo, lakini ukafika uchaguzi, na Mwanasheria Mkuu, ambaye hakusinzia tena, akakumbusha kwamba katika nchi ile kila mkazi halali anapiga kura.

Wananchi wakapanga foleni. Kila mmoja alikandamiza dole lake kwenye kisahani, na visahani vyote vikapelekwa kwa Bi Nyamizi ili matokeo yaote. Kwa kuwa wakazi hao walipata kibali chao kwa Mtukufu, kila kidoa kilihesabiwa ni kura yake. Kura za watu zilikuwa chache mno kubadili chochote, hivyo hazikupigwa, kuokoa muda. Baada ya siku mbili redio ikatangaza ushindi wa trilioni tisini na tisa.

Bi Nyamizi alikuwa bado anahesabu. Kwenye rafu ya mtaa wao alikuta kisahani kitupu. Rojo safi, halina kidoa hata kimoja. Akasoma jina ubavuni: Kalunde. Kilichofuata kilikuwa kitupu. Kilichofuata vilevile. Arobaini na vitatu, mtaa mzima. Ndipo akakumbuka ile chupa kubwa ya spiriti ya maabara iliyopotea wiki iliyopita.

Jioni alimkuta mama yake barazani akichambua mchele.

"Mama, kisahani chako hakikuota kitu."

"Kitaota nini? Nilinawa sabuni dakika nzima, nikamalizia na spiriti. Nikawapitishia na majirani."

"Umewafukuza wakazi halali?"

"Sijawatukana. Kesho yake wangerudi wenyewe, na karibu yao. Ila siku ile dole lilikuwa langu." Akapepeta ungo, akapuliza makapi. "Usiogope, mwanangu. Nimeuliza hadi kwa Chambuso, akapekua daftari lote. Kunawa mikono walisahau kukuwekea kibali."